Mwenyekiti tuliyemchagua kalala rumande siku mbili kwa neno la mteule wa Rais. Sisi wa chini tukadai wapi?

Mwana wa Uporoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili limenikaa kifuani toka mwezi wa sita, leo nimeona nilitoe.

Baba yangu mdogo ni mwenyekiti wa kijiji, huku huku Nyanda za Juu Kusini. Wilaya siitaji, na mkuu wa wilaya aliyehusika simtaji. Mzee analima viazi na ngano, ana miaka 61, wananchi wamemchagua mara mbili. Maisha yake yote hajawahi kulala polisi.

Mkutano mkuu wa kijiji ulikaa mwezi wa tatu. Kulikuwa na maboma mawili yanasubiri bati: zahanati na maabara ya sekondari. Fedha iliyochangwa ilitosha boma moja. Watu wakabishana hadi jua likaanza kushuka, mwisho wakanyoosha mikono: zahanati kwanza, kwa sababu mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku anapakiwa kwenye bodaboda kwenye utelezi ule, na mvua za huku mnazijua. Maabara ingesubiri tuuze viazi. Ikaandikwa kwenye muhtasari, mtendaji akagonga muhuri.

Mwezi wa sita ukaja msafara. Magari manne, kamera mbili. Mkuu wa wilaya akashukia kwenye boma la maabara, akauliza mbona halijaezekwa. Baba mdogo akasogea na bahasha ya kaki, akatoa muhtasari, akaushika kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu. Mkuu hakuupokea. Aliutazama tu ule mkono, kisha akawageukia watu akasema huyu ndiye anayekwamisha maendeleo. Akamwambia OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, amwondoe pale. Wanakijiji karibu mia mbili wamesimama, watoto wa shule wamesimama na sare zao, mwenyekiti wao anapandishwa nyuma ya gari, karatasi bado iko mkononi.

Mama mdogo alinipigia saa kumi jioni. Nilitoka Uyole na gari la mzigo, nikafika kituoni usiku. Nikamkuta amekaa nje kwenye benchi na blanketi na chupa ya chai yenye uji wa ulezi, amekataliwa kuingia. Juni ya huku, wenye kujua wanajua. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe. Ndani ni sakafu ya saruji. Blanketi lilipokelewa usiku wa pili.

Asubuhi ya tatu akaambiwa "mzee, nenda nyumbani". Hakuandikishwa maelezo, hakuonana na hakimu, hakuambiwa kosa. Nikamwomba askari wa kaunta nione hata karatasi ya amri. Alikuwa kijana mstaarabu, nasema kweli. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Kaka, ni agizo la mkubwa. Karatasi hakuna."

Sasa hoja yangu. Yule mkuu wa wilaya alishahamishwa, yuko kwingine, na anaweza akawa mtu mwema nyumbani kwake. Ninachouliza ni hiki: mtu ambaye hakupigiwa kura na yeyote anapataje nguvu ya kumlaza ndani mtu aliyepigiwa kura na kijiji kizima, kwa sababu ametekeleza uamuzi wa kijiji hicho?

Nilikaa nikahesabu mkoa wangu wa Mbeya. Mkuu wa mkoa 1. Katibu tawala wa mkoa 1. Wilaya ni 5: Mbeya, Chunya, Mbarali, Kyela na Rungwe, kwa hiyo wakuu wa wilaya 5. Halmashauri ni 7, maana Rungwe ina Busokelo pia na Mbeya ina Jiji na Wilaya, kwa hiyo wakurugenzi 7. Jumla watu 14. Hao ndio wanaoshika usalama, fedha, watumishi na miradi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mbele yetu kutuomba kura. Sisi tunapiga kura kwa Rais, mbunge na diwani, halafu tunapiga kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na kitongoji. Hapo katikati, ofisi zote zenye gari na sahihi zinajazwa na mkeka, ile orodha ya uteuzi ya Rais. Mkeka unatoka usiku, asubuhi tunaamka tuna bosi mpya.

Na Katiba ya 1977 ukiisoma inakuchanganya. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sawa. Halafu nenda ibara ya 37: Rais yuko huru, halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka. Ibara ya 61 inamtaka ateue mkuu wa mkoa kwa kushauriana na Waziri Mkuu. Kijiji, kata, halmashauri, hata Bunge, hawamo kwenye mazungumzo hayo.

Naomba tuchangie kwa hoja. Nataka kujua tunashika wapi.

Kilolo Juu

Pole sana kwa mzee, kaka. Lakini mimi nitasema upande wa pili maana nimeuishi.

Kwetu fedha ya mradi wa maji ililiwa. Haikuliwa na mteule, ililiwa na kamati tuliyoichagua wenyewe, na diwani alijua. Miaka miwili bomba limelala kwenye majani. Tulilalamika kwenye kata, tukalalamika halmashauri, kila mtu anamlinda mwenzake kwa sababu wote ni ndugu na wote wanategemeana uchaguzi ukifika. Akaja mkuu wa wilaya mpya, mgeni kabisa, hana shangazi kijijini. Akaita TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, akakaa nasi hadi saa moja usiku, na kabla ya Pasaka maji yalikuwa yanatoka. Mke wangu hachoti tena mtoni.

Ukimfanya mkuu wa wilaya achaguliwe, atakuwa na deni kwa waliomchangia kampeni, na atakuwa wa ukoo mkubwa kuliko koo nyingine. Mgeni asiye na deni ana faida yake. Usiitupe.

Mwana wa Uporoto (mwanzisha uzi)

Kilolo Juu, nimekuelewa na nakubali ulichokiona. Sijasema achaguliwe. Soma tena. Huyo wa kwenu alileta TAKUKURU, yaani alipeleka jambo kwenye chombo chenye taratibu zake. Wa kwetu alitumia mdomo. Nataka yule wa kwenu abaki na yule wa kwetu awe na mpaka.

Sheria Gangilonga

Kamwene wakuu. Nimesoma sheria, niko Iringa mjini, niongezee kidogo kwa sababu hapa watu wengi wanaamini mkuu wa wilaya ana "saa 48" za kumweka mtu ndani kama zawadi. Sivyo.

Sheria ya Tawala za Mikoa, Na. 19 ya 1997, ambayo sasa ni Sura ya 97. Kifungu cha 7 ni cha mkuu wa mkoa, cha 15 ni cha mkuu wa wilaya. Wanaweza kuamuru mtu akamatwe kwa mambo mawili tu. La kwanza, ametenda kosa ambalo mtu anaweza kukamatwa na kushitakiwa kwalo. La pili, kuna sababu ya kuamini atavunja amani, na hakuna njia nyingine ya kuzuia uvunjifu huo isipokuwa kumshikilia. Kuchelewa kuezeka maabara hakumo. Kujibu kwa ukali hakumo. Kuchelewa kikao hakumo.

Halafu amri ile inatakiwa iwe na sababu zilizoandikwa, na aliyekamatwa afikishwe kwa hakimu. Saa 48 ni ukomo: zikipita hajafikishwa, anaachiwa. Kuitumia vibaya nguvu hiyo ni matumizi mabaya ya madaraka, kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo askari aliyekwambia "karatasi hakuna" alikupa ushahidi bila kujua.

Mawaziri wa TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, wamekemea jambo hili hadharani zaidi ya mara moja. Kukemea kumesaidia kwa wiki chache kila mara. Kifungu bado kipo.

Mama Mwanjelwa

Mdogo wangu Sheria, asante, lakini niambie kitu kimoja. Huyo mama aliyekaa kwenye benchi na uji, angemwonyesha nani hicho kifungu cha 15 saa nne za usiku? Mimi nauza nguo, nimewahi kubomolewa kibanda na huku nina risiti ya ushuru ya siku hiyo hiyo mkononi. Niliisoma ile risiti kwa sauti. Waliendelea kubomoa. Karatasi yetu haiwatishi kwa sababu anayewatisha wao hatumfikii.

Mtendaji Mstaafu

Nimekuwa mtendaji wa kijiji, baadaye wa kata, miaka 27 kwenye wilaya tatu za mikoa hii. Nimeandamana na wakuu wa wilaya tisa. Mama Mwanjelwa amegusa penyewe, niwaeleze inavyokwenda kwa ndani.

Mkuu wa wilaya ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. OCD ni mjumbe wake. Sasa mwenyekiti wa kamati yako akikwambia "mwondoe huyu", mbele ya kamera, wewe OCD utamwambia "mheshimiwa, naomba sababu kwa maandishi"? Sheria inamtaka polisi awe breki, lakini breki imefungwa kwenye mguu wa dereva huyo huyo. Nilimwona OCD mmoja, mtu mzima mwenye adabu, akimshika mkono mwalimu mkuu taratibu na kumwambia "twende tu mwalimu, tutazungumza mbele". Alijua si halali. Alienda naye.

La pili ni hofu ya mteule mwenyewe. Watu wanadhani wale ni wababe. Nimekaa nao chakula cha jioni, saa mbili taarifa ya habari ikianza sahani inasahaulika. Utenguzi hauna notisi, hauna kikao cha kujieleza, na mara nyingi hauna sababu. Mmoja alipata habari ya kutenguliwa kwake kwa simu ya shemeji yake. Keshoyake gari halipo, na mtoto yuko katikati ya muhula. Mtu anayeweza kuondolewa jioni moja na mtu mmoja, ataamka kila asubuhi akijiuliza mtu huyo ataona nini. Ndiyo maana kamera. Ndiyo maana mwenyekiti wa kijiji anawekwa ndani mchana kweupe badala ya kuitwa ofisini. Baba yako mdogo hakuadhibiwa kwa sababu ya maabara. Alitumika kuonyesha kule juu kwamba mkuu anafanya kazi.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu baadhi yao walikuwa watu wazuri. Huyo mgeni wa Kilolo Juu nadhani namfahamu aina yake, wapo. Ila uzuri wake ulitegemea moyo wake. Akija mwingine mwenye moyo mwingine, kiti ni kile kile.

Na madiwani hawana la kumfanya. Mkuu wa wilaya anaingia kwenye baraza kama mgeni wa heshima, anatoa salamu za Serikali, anapigiwa makofi, anaondoka. Mkurugenzi ndiye katibu wa baraza na ndiye mwenye hundi, lakini baraza halikumleta. Nimeshuhudia madiwani wakimkataa mkurugenzi kwa kauli moja. Akahamishiwa halmashauri nyingine.

Mzee wa Isimani

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea. Siandiki mara nyingi, mjukuu ananisaidia kuandika.

Mnazungumza kama jambo hili limeanza juzi. Nilikuwa na miaka 16 tarehe 25 Desemba 1971. Mkuu wa Mkoa wa Iringa alikuwa Dk. Wilbert Klerruu, msomi, mchapakazi, ametumwa kusimamia vijiji vya ujamaa. Isimani wakati huo kulikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi wenye matrekta yao. Siku ya Krismasi alikwenda shambani kwa Said Mwamwindi. Wakatupiana maneno. Mwamwindi akaingia ndani akachukua bunduki, akampiga risasi akafa. Kisha akaupakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa mwenyewe, akaendesha hadi polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Alishitakiwa, akahukumiwa, akanyongwa. Chuo cha ualimu pale mjini kina jina la Kleruu mpaka leo.

Familia mbili zililia. Sitaki kijana yeyote asome hapa akaona kuna shujaa. Baba yangu alikuwa analima karibu na pale, na alichosema ndicho nilichobaki nacho. Alisema wakulima walikuwa na maneno mengi kuhusu ile ardhi, na mkuu wa mkoa alikuwa na maagizo mengi, lakini hapakuwa na meza ambayo maneno na maagizo yangekutana. Wote wawili walibaki shambani peke yao. Na mwaka uliofuata, 1972, hata zile halmashauri tulizokuwa nazo zikafutwa, ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, maofisa wa Serikali Kuu wakachukua kazi. Halmashauri za wilaya zilirudi kwa sheria za 1982.

Kwa hiyo mwanangu wa Uporoto, unachodai ni ile meza. Kidai kwa mdomo na karatasi, usichoke.

Kilolo Juu

Mzee, shikamoo. Umenituliza. Swali langu linabaki: mpaka uwekwe wapi? Tukisema kila uteuzi upite kwenye kura ya madiwani, hao madiwani wa kwangu wala-maji nao wangepata nguvu ya kumkataa yule aliyetusaidia.

Sheria Gangilonga

Kilolo Juu, swali zuri. Majirani zetu Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, kaunti 47 zina magavana wa kuchaguliwa, na mawaziri wa serikali ya kitaifa wanahojiwa na Bunge kabla ya kuapishwa. Agosti 2024 Bunge lao lilimkataa mmoja wa walioteuliwa. Mmoja tu, lakini wengine wote walilazimika kukaa kwenye kiti na kujibu.

Hapa kwetu Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ya Desemba 2013 ilitaka mawaziri wasiwe wabunge na wathibitishwe na Bunge. Wakuu wa wilaya haikuwagusa, kwa sababu ilikuwa rasimu ya Shirikisho na mambo ya Bara yangekwenda kwenye katiba ya Tanganyika. Bunge Maalum likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, basi.

Mahakamani pia watu wamejaribu. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana na Bob Wangwe, aliyefungua kesi, kwamba wakurugenzi wa halmashauri, wateule wa Rais, kusimamia uchaguzi ni kinyume na Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Kwa upande mwingine, Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema kuondolewa kwa Prof. Mussa Assad kwenye u-CAG, yaani ukaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, mwaka 2019 kulikiuka Katiba. Wakati huo mrithi wake alikuwa kazini miaka mitatu. Ninachotaka mwone ni kwamba CAG ana ulinzi ulioandikwa kwenye Katiba, na bado. Mwenyekiti wa kijiji hana hata huo.

Kwa maoni yangu tuanze na dogo linalowezekana: vifungu vya 7 na 15 vifutwe. Polisi wana sheria yao ya kukamata, hakimu yupo. Mkuu wa wilaya akiona kosa, aandike, apeleke. Halihitaji katiba mpya, ni muswada wa ukurasa mmoja.

Mama Mwanjelwa

Hili naliunga mkono. Wathibitishwe wasithibitishwe, mimi sitawajua. Ila wasiwe na ufunguo wa rumande.

Mwana wa Uporoto (mwanzisha uzi)

Nimesoma wote. Mtendaji Mstaafu, niliyachapa maneno yako nikampelekea mzee, akayasoma mara mbili, akasema "kumbe naye alikuwa anaogopa". Hakuongeza neno.

Msimamo wangu ni kama wa Sheria, na naongeza moja. Mteule akileta amri inayopingana na uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji, alazimike kuileta kwa maandishi kwenye mkutano huo huo, asomewe muhtasari, ajibu. Akishinda kwa hoja tutaezeka maabara kwanza. Hilo tu.

Mrejesho wa nyumbani: zahanati imeezekwa mwezi wa nane. Bati ni geji 28, mafundi wawili wa kijiji. Maabara imebaki upande mmoja, wanasubiri bei ya viazi ipande maana sasa hivi madalali wanataka lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, na shilingi hawapandishi.

Jumatatu iliyopita nilikwenda na mzee kituoni. Tulipeleka barua ya nusu ukurasa, nakala tatu, tunaomba tupewe sababu za maandishi za kumshikilia, tarehe zote mbili tumezitaja, na muhtasari wa mwezi wa tatu tumeambatanisha. Afisa aliyekuwepo aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa ameketi. Kisha akachukua muhuri, akagonga "imepokelewa" kwenye nakala yetu, akaweka tarehe na sahihi.

Mzee aliikunja akairudisha kwenye bahasha ile ile ya kaki. Tunasubiri jibu. Likija nitalileta hapa.